Kubatizwa kwa Mwanasesere

Watu wa uchochoro wetu walianza kuvaa nguo kinyume wiki ileile ambayo mtoto wa kwenye tamthilia alimng'ata mkunga shingoni. Walianza watoto, kwa mzaha. Wakikaribia nyumba ya Dencio na Minda wanavua fulana, wanazigeuza ndani nje, wanapita mbio huku wanacheka, kisha wanazigeuza tena wakifika dukani. Hapa kwetu kila mtu amefundishwa hivyo na bibi yake: tiyanak ni mtoto mchanga aliyekufa bila kubatizwa, analia vichakani ili umwonee huruma, na ukimwokota anakutoa roho. Dawa yake ni kugeuza nguo na kupita zako.

Watoto unaweza kuwasamehe. Lakini Jumatano asubuhi Minda alikuwa anaanika nguo mbele ya nyumba akamwona mama Charing mwenye duka, mtu mzima mwenye wajukuu, anapita na blauzi yake ya maua mishono yote iko nje.

"Mama Charing, umevaa kinyume," alisema Minda.

Mama Charing alijitazama kifuani kama mtu aliyevishwa na mwingine. "Hata sikuona, mwanangu. Nimevaa gizani, umeme ulikatika."

"Umeme haukukatika."

"Kwangu ulikatika." Akaongeza mwendo.

Minda alibaki ameshika shati la mumewe, linamchuruzikia maji miguuni. Alitaka kumwita yule mama amtukane, akakosa tusi la kutosha. Duka la mama Charing ndilo lenye televisheni kubwa, na kila jioni baada ya taarifa ya habari uchochoro mzima hujazana pale kumtazama tiyanak anavyotambaa darini na kufyonza watu damu. Wote wanaujua uso ule ni wa nani. Hao hao walikuwa wanagombea kuubusu.

Dencio, mume wa Minda, alikuwa fundi wa mazimwi ya televisheni. Ukiona mtu kwenye skrini ana pembe, au mzee ana mdomo wa ndege, jua pengine ametoka mikononi mwa Dencio. Mwongozaji wa tamthilia ile alitaka tiyanak mzuri, mtoto ambaye hata yeye angemwokota, na Dencio hakuwa na haja ya kwenda mbali. Alimpaka binti yake usoni ule unga wa madaktari wa meno wa kuchukulia alama ya taya, mtoto amelala ameshiba maziwa, Minda amemshika kichwa, wote wawili wanajizuia wasicheke. Uso ulitoka mzima, pamoja na kishimo cha kidevuni. Kwa kalibu ile akatengeneza wanasesere watatu wa mpira: wa kulala, wa kulia, na wa kuua.

Tamthilia ilipoanza kuonyeshwa, mtoto huyo, Mindel, alikuwa ameshazikwa. Homa ya dengi ilimchukua hata kabla hawajaelewa kwamba ni homa ya kumchukua mtu. Na alikuwa hajabatizwa. Mama yake wa ubatizo alikuwa Virgie, dada yake Dencio, ambaye yuko Kuwait anafanya kazi za ndani na ndiye anayelisha nusu ya ukoo. Huwezi kubatiza mtoto bila Virgie, na mwajiri wa Virgie kila mara alisogeza likizo. Pasaka ikawa Juni, Juni ikawa Krismasi. Nyumba nyingi za kwetu zina mtoto wa namna hiyo, anatembea kabisa na hajabatizwa, anasubiri ndege ya mtu.

&nbsp;

Jioni Dencio aliporudi alikuta chakula hakijapikwa. Minda amekaa kwenye ngazi, na kutoka dukani kulisikika muziki wa tamthilia ukianza.

"Arobaini ya mwanangu ni Ijumaa ijayo," alisema Minda bila kumtazama. "Siku hiyo roho inaondoka duniani. Itaondokaje na uso wake uko kwa Charing unafyonza damu?"

"Niliwaomba kalibu. Wamesema ni mali ya kampuni."

"Uso wa mwanangu mali ya kampuni."

"Kalibu, Minda. Nimesema kalibu."

"Tofauti yake nini?"

Dencio alivua viatu, akaviweka sawasawa ukutani kama mgeni. "Nikiwasumbua sana wataniondoa. Mafundi wa mpira siku hizi wamejaa mjini. Unataka turudi kumpigia Virgie simu kwa kila kilo ya mchele?"

"Nataka mwanangu aache kuua watu."

"Na mimi nilitaka abatizwe," alisema Dencio, na lililofuata lilimtoka kabla hajalishika. "Chupa ya maji ilikuwa mapajani pako pale hospitali. Mtoto anayekufa mtu yeyote anaruhusiwa kumbatiza, hata mtoto wa komunyo ya kwanza anajua. Ungemmwagia tu."

Mama yake Dencio, bibi Pacing, aliyekuwa anachambua mchele ndani, alisimamisha mikono. Neno lile lilikuwa limekaa ndani ya nyumba tangu mazishi na kila mtu alikuwa analizunguka.

"Ningemmwagia ningekuwa nimekubali kwamba anakufa," alisema Minda polepole. "Wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa unampaka mtu damu ya rangi. Mama alikuwa anamtafuta padri. Nilikuwa peke yangu na ile chupa."

"Basi."

"Hapana, umeshasema. Kila siku ulikuwa unalisema kimoyomoyo, leo umelitoa. Afadhali."

Dencio aliona aibu, ile ya mtu mzima ambayo haina pa kwenda. Bibi Pacing akatoka na ungo wake, akakaa katikati yao.

"Acheni. Padri alishasema Mungu si karani, hamfungii mtoto mlango."

"Alisema pia Kanisa halibatizi maiti," alijibu Minda. "Na alisema huku anaangalia saa."

"Alikuwa na harusi." Bibi Pacing aliokota kijiwe akakitupa. "Mimi nawaambia kitu. Kwetu kisiwani Samar, zamani, tiyanak hachomwi wala hakatwi. Hayo ni ya televisheni. Sisi tulikuwa tukisikia analia tunachota maji, tunampa jina, tunamwagia pale sauti inapotoka. Ananyamaza. Anakwenda zake mbinguni kama mtoto mwingine yeyote."

Minda aliinua kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu msiba macho yake yalikuwa na kazi ya kufanya.

"Basi wambatize," alisema.

"Nani?"

"Hao wa tamthilia. Si wana padri wao yule mwenye masharubu, kila siku anamfukuza na msalaba? Mwambie mwongozaji wako, huyo Direk, amalize hivyo. Padri amshike, ampe jina, ammwagie maji, atulie."

"Yule ni mwigizaji, Minda. Ana wanawake wawili na kesi."

"Simtaki yeye. Nataka watu wa hapa waone. Wamemwona akiua, wamwone akibatizwa. Na Ijumaa ijayo, siku yenyewe." Akasimama pale kwenye ngazi. "Maji yakimwagika kwenye ule uso, Mungu atajua ni ya nani."

&nbsp;

Direk Amado alikuwa anakula. Hapa kwetu mwongozaji haitwi kwa jina tupu, anaitwa Direk hata na mama yake, na huyu alikuwa wa namna hiyo hasa: mnene, mkarimu, mwenye kutoa machozi upesi. Alikaa chini ya mwavuli nje ya studio na sahani ya wali na samaki wa kukaanga, wapambe wakiwa wamemzunguka.

"Baba tiyanak huyo," alisema mpiga taa mmoja. "Fichieni shingo zenu." Wakacheka, na Dencio akacheka nao kidogo, maana mtu aliyekuja kuomba hana budi kucheka.

"Direk, nina neno. La faragha kama utaniruhusu."

"Hawa wote ni familia. Sema."

Kwa hiyo Dencio alisema mbele ya familia: kofia mkononi, akikatizwa mara mbili na mtu aliyeulizia soda, alieleza uso ni wa nani. Wengine walikuwa hawajui. Mpiga taa aliacha kutafuna. Alipofika kwenye arobaini aliangalia samaki wa Direk, mpaka akaweza kuendelea.

Direk Amado alisukuma sahani. Machozi yalikuwa yameshafika mashavuni. "Kwa nini hukuniambia, ndugu yangu? Mimi ni mzazi."

"Nilikuwa nafanya kazi, Direk."

"Tutambatiza." Direk alipiga meza. "Mmesikia? Haya ndiyo mambo ya kweli, siyo yale makelele ya damu kila siku. Ijumaa ijayo padri anambatiza, tamthilia inakwisha, nchi nzima inalia. Mtoto aliitwa nani?"

"Mindel, Direk."

"Tutalitumia jina hilo hilo." Akamshika Dencio bega kwa mkono wenye mafuta ya samaki. "Mwambie mkeo nimempa neno langu."

Dencio alikwenda chooni akalia kimya kimya, kwa furaha. Siku nyingi alikuwa hajampelekea mkewe habari njema.

&nbsp;

Minda alizipokea habari zile akaondoka nazo mlango kwa mlango. "Ijumaa njooni kwenye arobaini. Tutasali rozari, tutakula, kisha tutatazama tamthilia pamoja. Mwanangu anabatizwa." Wengine walimtazama kwa huruma ya kumwogopa mtu aliyerukwa na akili, lakini aliwaambia Direk mwenyewe ametoa neno, na neno la mtu wa televisheni kwetu lina uzito. Mama Charing alisikiliza mikono kiunoni.

"Kwa jina lake kabisa? Kwenye televisheni?"

"Kwa jina lake."

"Basi nitaleta ile televisheni yangu kwenu, ya kwenu ni ndogo. Na tambi za kukaanga nitapika mimi." Kisha, akitazama pembeni: "Kuhusu ile blauzi, mwanangu. Nina wajukuu. Usiniweke moyoni."

Minda hakumweka moyoni. Alikuwa na mengi ya kufanya. Virgie alipiga simu kutoka Kuwait, akalia mpaka laini ikakatika, akapiga tena kusema atawasha mshumaa chumbani kwake saa hiyo hiyo, ili mama wa ubatizo awepo hata kama hayupo. Gauni jeupe la ubatizo alilokuwa amelinunua lilifika ndani ya kifurushi mazishi yameshapita, na Minda alikuwa amelisukuma chini ya kitanda bila kulikunjua. Sasa alilitoa, akalipiga pasi, akampa mumewe.

"Mvalishe hili. Wasije wakamvalisha matambara yao."

"Ni mwanasesere, Minda," alisema Dencio kwa upole.

"Najua ni mwanasesere. Unafikiri sijui?" Akalikunja vizuri, mikono ya gauni kifuani. "Mvalishe."

Wiki ile watoto walipita mbele ya nyumba na fulana zao sawasawa. Mmoja hata aliuliza kama kutakuwa na keki. Bibi Pacing akasema itakuwepo.

&nbsp;

Tamthilia za kwetu zinapigwa leo zinaonyeshwa kesho, wakati mwingine leo hiyo hiyo. Alhamisi walipiga ubatizo. Dencio mwenyewe alimvalisha mwanasesere wa kulia lile gauni, akamfunga vifungo vya mgongoni, vidole vikawa vizito kana kwamba kuna mtu angeumia. Mwigizaji mwenye masharubu alikuwa hajanywa kitu siku hiyo kwa heshima ya jambo lenyewe. Alimnyanyua mtoto, akamwaga maji, akasema, "Mindel, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Hakuna aliyekohoa. Dencio, aliyekuwa amelala chini ya meza anavuta waya za kope za mwanasesere, alimfumba macho taratibu. Watu wakapiga makofi huku wanajifuta nyuso, na yeye alibaki chini ya meza kidogo, kwa raha ambayo hakutaka mtu aione.

Ndipo Madam Cita akafika, mwenye fedha za tamthilia, na viatu vyake vya kugonga sakafu. Alitazama kilichopigwa, akatikisa kichwa.

"Nzuri. Nimelia. Lakini Amado, nimetoka kwenye kikao sasa hivi. Hatujawahi kutazamwa namna hii. Wenye matangazo ya sabuni wanataka tuendelee mpaka Krismasi. Wewe unaniulia mtoto?"

"Nimetoa neno langu, Madam."

"Nani amekwambia ulivunje? Piga na nyingine, tuwe na akiba. Maji yakimgusa yanamchoma. Anafungua macho, anacheka, anamla padri. Kesho nitaamua."

Direk Amado alimtafuta Dencio kwa macho, akayapeleka kwingine haraka. "Ni ya akiba tu, ndugu yangu. Unaielewa kazi."

"Direk, mke wangu ameita watu."

"Ya akiba."

Dencio angeweza kukataa. Alilifikiria hilo kwa muda wa kutosha kabisa, asije akasema baadaye kwamba hakupata nafasi. Aliufikiria mchele, Virgie akipigiwa simu, na wale vijana wawili wanaomsaidia kiwandani, waliokuwa wameshajifunza kuchanganya mpira. Kisha akachukua mwanasesere wa kuua, akamhamishia gauni, akatoboa tundu dogo kwenye paji la uso na kupitisha mrija mwembamba nyuma ya kichwa. Moshi wa dawa ulikuwa umekwisha. Kwa hiyo akawasha sigara, akalala tena chini ya meza, na maji yalipomwagwa akapuliza kwa kinywa chake mwenyewe.

"Safi sana," alisema Madam Cita. "Unaona inavyotisha?"

Nyumbani hakusema kitu. Minda alimuuliza gauni lilimkaaje, akajibu lilimkaa vizuri, na hilo lilikuwa kweli.

&nbsp;

Ijumaa nyumba haikutosha watu. Walikaa kwenye ngazi, dirishani, juu ya ndoo zilizogeuzwa. Rozari ilisaliwa kwa sauti, tambi zililiwa, keki ikakatwa. Televisheni ya mama Charing iliwekwa juu ya kabati, pembeni ya mshumaa. Minda alivaa nguo yake ya kanisani, akapita akiwajazia watu sahani, akitaniwa na kutania, na wanaomkumbuka kabla ya msiba walisema huyo ndiye Minda wetu.

Dencio alikuwa amesimama mlangoni. Mchana kutwa alikuwa ameuliza studio, na kila aliyemuuliza alisema Madam bado hajaamua. Alitamani umeme ukatike. Alifika hata kuutazama ule waya ulioning'inia juu ya mlango, na akaona aibu ya kuutazama.

"Njoo ukae na mkeo," mama yake alimwita. "Mbona unasimama kama mdai?"

"Naona vizuri hapa."

Tamthilia ikaanza. Padri mwenye masharubu akamsikia mtoto analia kwenye magofu, akamwendea bila msalaba, mikono mitupu. Mtoto akaonekana, amevaa gauni jeupe.

"Hilo ndilo alilolituma Virgie," alisema Minda, na watu wote wakasema ni zuri, tazama mshono wake. Mama Charing alimshika mkono. Padri akamnyanyua mtoto. Bibi Pacing akapiga ishara ya msalaba na nyumba nzima ikamfuata, hata wale wa dirishani.

"Mindel," alisema padri, na jina lile lilipotoka kwenye televisheni Minda alifumba macho kwa shukrani. "Nakubatiza kwa jina la Baba."

Alifumbua macho aliposikia watoto wanapiga yowe. Moshi ulikuwa unatoka kwenye paji la uso wa mwanawe. Yule mtoto akafungua macho, akamtazama padri, akacheka, na meno yakamtoka mdomoni. Damu ililirukia lile gauni kuanzia kola mpaka pindoni. Padri alianguka, mtoto akatambaa juu yake, akageuka akawatazama watu wote waliokuwa mle ndani, na sauti nzito ikatangaza kwamba hata Mungu amemkataa, na kwamba Jumatatu mambo ndiyo kwanza yanaanza. Likaja tangazo la sabuni.

Kijana mmoja kwenye ngazi akacheka, siyo kwa ubaya, bali kwa sababu alikuwa ameogopa kweli na hofu ilikuwa tamu. Mwenzake akamkanyaga mguu. Mama Charing alikuwa ameshauachia mkono wa Minda. Aliinuka, akasema wajukuu zake wana shule kesho, ingawa kesho ilikuwa Jumamosi, akachomoa waya wa televisheni yake. Watu wakaanza kuaga mmoja mmoja, kwa sauti za chini. Kwetu mgeni haondoki kwenye shughuli bila kufungiwa chakula cha kupeleka nyumbani, ni kama kumtukana mwenyeji. Minda alisimama mezani, akafunga tambi na keki kwenye karatasi, akawanyoshea. Kila aliyenyoshewa alisema ameshiba, asante, wape wengine. Vifurushi vikabaki vimepangwa mezani, na hakuna hata mtoto mmoja aliyeomba keki.

Walipobaki watatu, Minda alikaa chini. Bibi Pacing alikuwa amerudia rozari peke yake, haraka haraka, kama anayekimbizana na kitu.

"Ulijua?" aliuliza Minda.

"Walipiga mbili," alisema Dencio. "Ile nyingine ilikuwa nzuri. Ungeiona, Minda. Alifumba macho kabisa."

"Na ule moshi?"

"Wa sigara."

"Sigara ya nani?"

Dencio alificha vidole vyake mfukoni, na hilo lilitosha. Minda alizima mshumaa kwa vidole. Hakulia. Alisema tu kwamba Virgie bado amewasha wa kwake, na kwamba mtu ampigie simu amwambie auzime.

&nbsp;

Kwa wiki kadhaa Minda alilala na mama mkwe wake, na maneno aliyomwambia mumewe yalikuwa ya chumvi na maji ya kuoga tu. Direk Amado alituma kikapu cha matunda na ujumbe kwamba hakuwa na uwezo, naye ni mwajiriwa kama wengine. Bibi Pacing aliyala matunda. Dencio aliendelea kwenda kazini. Nguo kinyume zilirudi, sasa hata kwa watu wazima, tena bila kusingizia umeme, na mama Charing akawa anamwekea Minda chenji juu ya meza badala ya kumpa mkononi.

Ikaja kazi mpya. Madam Cita alikuwa amechoka na mtoto wa kutambaa. Wenye sabuni wanataka akue, alisema, awe wa kutembea, kama miaka mitatu, aingie shule ya chekechea. Uso ule ule, ila ukubwani. Vijana wa kiwandani walijaribu wakashindwa, ukatoka uso wa mtoto mwingine. Kwa hiyo Dencio alirudi nyumbani Jumapili na pande la udongo wa kufinyangia, akaliweka kwenye meza ya nyuma ya jiko akidhani mkewe yuko kanisani na mama.

Alifinyanga mchana kutwa, akakosea. Kila akikuza kichwa, kilitoka kichwa cha mtoto wa miezi saba kilichovimba. Alikuwa hajui angekuwaje akikua. Hakuna mtu aliyewahi kuuona uso ule.

Minda alikuwa amesimama mlangoni, na Dencio hakujua ni tangu lini. Alitafuta kitambaa cha kuufunika udongo, hakukiona.

"Ni wa nani huyo?" aliuliza Minda.

"Wanataka akue." Akakivuta kile kichwa cha udongo upande wake. "Sikutaka ukione. Nitakihamisha."

Minda alisogea. Aliuzunguka uso ule, akauangalia upande huu na upande huu. Dencio alingoja ausukume chini, na angefurahi.

"Umemwachia mashavu," alisema Minda. "Wakishaanza kutembea mashavu yanapungua." Akachovya kidole gumba kwenye bakuli la maji, akapunguza shavu la kushoto, kisha la kulia, polepole, kama anavyomfuta mtoto uji. "Na hapa kwenye paji la uso angefanana na mama yako. Ilikuwa imeanza kuonekana."

"Minda, wataweka meno. Nakwambia mapema."

"Akiwa na miaka mitatu angekuwa nayo," alisema Minda, akavuta kiti akakaa.